Swali Langu Kuhusu Feni ya Nyamira

Mimi ni profesa wa uhandisi wa mitambo na ndege, lakini kazi yangu ya kwanza ya maana haikuruka popote. Ilikuwa feni ya kiwanda cha majani chai huko Nyamira, ile inayopuliza hewa chini ya majani mabichi ili yanyauke. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nilichonga mapanga yake kwa umbo la bawa la ndege, na majani yaliyokuwa yakioza upande mmoja yakaanza kunyauka sawasawa.

Mwalimu aliyenisimamia, mtu wa Suneka, aliichukua kazi hiyo akaenda kuisoma kwenye mkutano ng'ambo. Jina langu halikuwemo. Nilipomfuata ofisini, hakuinua hata macho.

"Wewe ulishika tupa tu," alisema. "Akili ilikuwa yangu. Nenda ukamsaidie mama yako kuuza ndizi."

Kweli, mama aliuza ndizi soko la Daraja Mbili, na ndizo zilizonisomesha. Nililia mbele ya mama. Yeye ni Msabato. Akaniambia kisasi ni cha Mungu.

"Basi mama," nikamjibu, "niombee anitume mimi."

Nikaenda mbali kusomea ndege. Kila usiku wa kukata tamaa nilimkumbuka yule mtu, nikaamka nikaendelea. Nilirudi, nikapanda vyeo, nikawa profesa kabla yake. Kisha chuo chake kikanialika kwenye jopo la kumhoji: sasa naye alitaka uprofesa. Nilimwambia mwenyekiti kwamba mtu huyu aliwahi kunifundisha. Sikuongeza neno.

Aliponiona akatabasamu kama mzazi. Akaonyesha picha ya feni yangu, akaisifu kama mtoto wake wa kumzaa. Nikasubiri wenzangu wamalize.

"Mwalimu, kwa nini ncha ya kila panga imepindwa?"

"Kuongeza nguvu ya hewa."

"Haiongezi. Feni ilifungwa wapi?"

"Kiwandani, Nyamira."

"Kando yake kulikuwa na nini?"

Akatazama picha. Akatazama dari. Hakuwahi kukanyaga kiwanda kile. Kando yake kulikuwa na ukuta wa tanuri, karibu mno, uliozuia hewa upande mmoja, na feni ikatetemeka hadi nilipozipinda ncha zile mimi mwenyewe. Niliwaeleza wanajopo yote hayo, taratibu, yeye akiwa amesimama. Kisha nikawaeleza nilivyoyajua. Utamu niliousikia siku ile sijausikia tena.

Alinyimwa cheo, akastaafu bila hicho. Mwaka huu tulikutana mazishini Kenyenya. Akanijia, amekonda.

"Binti yangu, si ungeniuliza faraghani?"

"Faraghani nilikuja, mwalimu. Ulinifukuza."

Akaenda kutafuta kiti nyuma ya hema. Mama, aliyeketi nami, alinikanyaga mguu ninyamaze. Nilikuwa nimeshamaliza.