Ndugu wa Ziwa Moja

Mama yangu aliugua baada ya kunizaa, na jirani yetu wa Jomvu Kuu akaninyonyesha pamoja na mwanawe wa kiume. Kwa sheria ya dini yetu mtoto yule akawa ndugu yangu: hatuoani, wala sijifuniki mbele yake. Ndugu zangu wa tumbo wote wametangulia mbele ya haki, na mume wangu pia. Nimebaki peke yangu hapa Mtopanga. Nikimaliza kuswali hutoa salamu kulia na kushoto, na pande zote mbili hakuna mtu ila malaika. Kwa hao nashukuru.

Nikaazimia kumtafuta ndugu yangu huyo. Alihamia Tanga ujanani, na habari zake zikakatika.

Mpangaji wangu, mwanamke wa bara anayefanya kazi ofisini bandarini, alinifungulia kwenye simu yake ukurasa wa kutafuta jamaa waliopoteana. Ulitaka majina matatu, nami nayajua mawili. Ulitaka nambari ya kitambulisho. Kisha ukatutaka tuchague uhusiano: mzazi, mtoto, mume, mke, ndugu wa damu.

"Weka ndugu wa damu, nyanya, tumalize."

"Siwezi, mwanangu. Damu si moja. Tumenyonya ziwa moja tu."

Tukaacha pale wazi. Maandishi mekundu yakatokea, na ukurasa haukusonga.

Kesho yake alirudi akiwa bado na sare ya kazini. Akanifungulia mahali pa kutafutia mtandaoni. "Tuachane na fomu. Hapa unaandika maneno yako tu, vile unavyonisimulia mimi."

Nikaandika polepole, kwa kidole kimoja: Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai hujambo, na wa nyumbani kwako hawajambo.

Alicheka hadi akashika mlango. "Nyanya! Unaisalimia simu?"

"Kwani nyinyi wa bara mwaingia kwa watu bila hodi?"

"Hiyo haina nyumbani!"

"Basi nimeiombea ipate."

Nikaendelea, kwamba namtafuta ndugu yangu wa ziwa moja. Simu ikaniletea hukumu za kunyonya na ndoa, mambo niliyofunzwa chuo cha Kurani ningali mdogo. Sikuchoka. Nikaongeza kwamba alizaliwa Jomvu Kuu, kwamba kamba ya meli ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, kwamba alihamia Tanga na alipenda kushona kofia. Mara hii ikatoka picha ya mzee na kofia mapajani. Nikautazama mkono wa kushoto kwanza: vidole viwili havipo. Chini palikuwa na nambari ya simu ya duka.

Tukapiga, akapokea binti yake. Nilipokwisha kumweleza akasema, "Shikamoo, shangazi." Nikaitikia marahaba.

"Baba kumbukumbu zimemtoka," akasema. "Lakini zungumza naye."

Nikamtajia mama yake, na kisima, na njia ya mikokoni tuliyokuwa tukikimbilia. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Ahsante, bibi," akasema. Kisha nikamsikia akimwambia binti yake, "Mpe mgeni kiti, asisimame mlangoni."

Nikamwambia nimeshakaa. Alikuwa amerudia kushona. Nikawa nasikia pumzi yake na uzi ukipita kwenye kitambaa, nami nikakaa nikisikiliza, mpaka binti yake akaja kuichukua simu.