Kaburi la Mgomba

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Kasanda na vijiji vya njia ya Kibondo, msiba haukuwa na fulana zenye picha ya marehemu. Mgonjwa na maiti walibebwa kwa ingobyi ileile, machela ya matete, mabegani mwa wanaume waliopokezana bila kuambiana. Ilipotupita njiani tukienda shule, tuliziba pua na midomo, maana mama alituonya: "Ukivuta pumzi maiti akipita, anaondoka na yako." Tulifika darasani macho yametutoka. Lakini matangani tulikwenda, tena mbio, tuseme ukweli. Maharage ya msibani, yaliyochemka chungu kizima tangu alfajiri, na ugali wa muhogo juu yake, hadi leo sijala matamu kama yale.

Kaburi tulilolikwepa kuliko yote lilikuwa kwetu, nyuma ya nyumba ya bibi, na ndani yake hakukuwa na mtu.

Baba mkubwa Gwimo, kaka yake baba, alikwenda manamba kukata mkonge huko Tanga, akapotea moja kwa moja. Baadaye mtu waliyeondoka naye akarudi na habari kwamba Gwimo alikufa kwa homa. Kwetu aliyefia mbali hakuachwa azurure. Ulichukuliwa mgomba wa kimo chake, ukaviringishwa kwenye mkeka, ukaliliwa, ukazikwa kwa jina lake. Nilikuwa mdogo, ila namkumbuka bibi akigaagaa kwenye vumbi, na kijiji kizima kikilia mpaka sauti zikakauka. Kisha wazee wakakifunga kilio. "Mtu haliliwi mara mbili," walisema. "Kilio cha pili kinamwita mwingine wa nyumba hiyohiyo."

Basi waliouchukua mgomba ule, kwa kuikimbia mvua, badala ya kuukata juu ya ardhi waliung'oa na kisiki chake chenye mizizi. Mvua zilipokolea, kaburi likachipua. Mgomba ukasimama pale kichwani pa kaburi, kijani kibichi, ukatupita kimo. Hakuna aliyethubutu kuukata. Kila asubuhi bibi alilishika jani lake na kulisalimu: "Mwakeye, mwana wanje," yaani umeamkaje, mwanangu. Siku ambazo upepo ulilitikisa jani, alirudi ndani akitabasamu. Sisi tulilala wajukuu wanne mkeka mmoja, na kila mmoja alitaka kulala katikati.

Mchana mmoja wa jua kali tulikuwa tunacheza rede. Mpira wetu wa matambara ukabiringika hadi kaburini, na sote tukabaki tunatazamana. Mwanamume mwenye sanduku la bati kichwani akauokota. Hatukuona alikotokea.

"Hapa kazikwa nani?" akauliza.

"Baba mkubwa Gwimo," nilimjibu.

Akacheka. Kisha akalitazama kaburi, akautazama na ule mgomba, na kicheko kikamwishia mdomoni. Akauweka mpira chini taratibu. "Niitieni mama yangu," akasema. Tulikimbia, na mpira ule hatukuurudia tena, uliozea palepale.

Wazee hawakumruhusu apite mlangoni. Ukuta wa nyuma ulitobolewa, akaingia kwa kutambaa, akanyolewa kama mtoto mchanga, akapewa jina jipya, Mvuyekure, yaani nimetoka mbali. Gwimo alishazikwa, walisema, na jina lake limo humo. Bibi alikataa katakata. "Mgomba sikuuzaa mimi," aliwaambia. "Niliyemzaa ndiye huyu." Akaendelea kumwita Gwimo, kwa sauti ya kusikika bondeni.

Wengine walimwogopa. Kwenye pombe ya ndizi alipewa mrija wake peke yake. Mwanamke wa kuolewa naye hakupatikana, na nyayo zake zilipobaki kwenye udongo mbichi, akina mama walizifukia kwa majivu. Sisi tulimvizia tuone kama ana kivuli. Tulimvizia saa sita mchana, wakati hata vivuli vyetu vimejificha chini ya miguu, tukakikosa, tukakimbia hadi shuleni. Mgomba ulipozaa, aliukata mkungu mwenyewe, akapika, wakala yeye na bibi mbele ya watu wote. Tulingoja waanguke. Bibi akaomba chumvi.

Bibi alipofariki, hakubaki mtu wa kumwita Gwimo. Mimi nilikuwa mwalimu Kasulu, na kila likizo nilimpelekea ugoro, kwa kuwa nilimpenda, ingawa kumpa mkono bado kulinisisimua mwili. Siku moja akaniambia, "Wee mwana, nasikia siku ile mlinililia sana. Nami sikuwepo nikasikia. Nikifa, nililieni nikiwepo."

Nilimjibu aache maneno hayo. Lakini tangu siku ile sikupata raha, maana nilijua alichoniomba ni kitu gani, na kinamwita nani.

Amefariki mwaka huu, mzee kabisa. Wajukuu wa ndugu zake, vijana wangu hawa wa mjini, wakaleta kampuni ya mazishi. Gari jeupe lenye taa, hema, spika kubwa, jeneza lenye kioo, na vijana wenye glavu nyeupe wasiomjua hata kwa sura. Tulipochungulia kiooni, baba mkubwa alikuwa amepakwa poda. Na MC naye, na suti yake inayong'aa, "Familia, tupo pamoja?" utadhani tuko harusini. Siwalaumu, kazi yao ni safi na haraka. Ila enzi zetu maiti aliogeshwa na mikono iliyokula naye, kaburi lilichimbwa na watu waliogombana naye na kupatana naye, na udongo wake ulibaki kwenye kucha zetu siku kadhaa. Siku hizi hakuna anayechafuka.

Jeneza likashuka lenyewe kwa mashine, bila mkono wa mtu. Wazee wenzangu walisimama wameziba midomo kwa khanga na makoti, macho makavu.

"Shangazi, mbona mmekauka hivyo?" kijana mmoja akaninong'oneza. "Hata chozi moja?"

"Tulishamlilia."

"Lini?"

Nikawatazama, yeye na wenzake, kwa sababu nyumba ya bibi sasa ni mimi na wao tu. Kama kilio kinaita, kitamwita mmoja wetu. Niliogopa, nasema wazi. Na mle shimoni alikuwemo mtu ambaye kwa mara ya kwanza yupo kwenye mazishi yake, anasubiri.

Nikajifungua khanga kichwani, nikaita, "Gwimo we! Gwimo!" Nikalia kama bibi alivyoulilia mgomba. Wazee wakarudi nyuma, mmoja mmoja, hadi nikabaki peke yangu ukingoni mwa kaburi. Vijana hawakurudi nyuma. Walinizunguka na simu zao wakinirekodi, na mmoja akaniomba kwa adabu nigeuze uso kidogo, niangalie upande wa jua.