Godoro Langu Linalong'aa

Mimi ni mlezi wa vijana wa kigango chetu huku Ngara, na nina ugonjwa wa kufundisha hata nisichokijua. Juzi tulipojiandaa kwa kambi kule Murusagamba, niliwaambia vijana kwamba baridi ya kilimani hutoka ardhini, kwa hiyo cha muhimu ni unacholalia. Hilo nililisoma kwenye simu, na ni kweli.

Nikaenda gulioni kwenye mitumba. Nikaacha godoro nene la sponji, nikachagua kitu chembamba kinachong'aa, chenye vikombe vidogo vya mpira pembeni. Nikajiambia kuwa ule mng'ao unarudisha joto mwilini, na vikombe vinashika ardhi nisiteleze.

Usiku kule kambini nilipokitandika, Mama Adela, mpishi wetu, alinionea huruma. "Mwalimu, tandika majani makavu ya migomba kama sisi."

"Mama, hayo ya zamani," nikamjibu.

Sikupata usingizi hata kidogo. Asubuhi, meno yakigongana, nikatangaza kwamba nimelala fofofo, nikalianika godoro langu mbele ya watu wote.

Saa nne Padri akaja kutusomea misa. Akaegesha gari juani, akatoa kitu kinachong'aa chenye vikombe vilevile, akakibandika kwenye kioo cha mbele kuzuia jua.

Vijana wakatazama gari, kisha wakatazama godoro langu. Hakuna aliyecheka mpaka Mama Adela alipouliza kwa upole:

"Baba Padri, kumbe na gari lako linasikia baridi?"