Mtu wa Kujulishwa

Fiche ya polisi, ile fomu ya kila askari, ina kurasa mbili. Jina la baba na la mama hujazwa bila shida. Shule hujazwa, hata madarasa ambayo mtu hakuyasoma. Watoto hujazwa na wengine huongezwa. Lakini kalamu ikifika kwenye mstari wa mwisho, pale palipoandikwa "mtu wa kujulishwa kukiwa na tatizo," mwenye fiche huanza kuangalia dari.

Nilikuwa karani katika biro ya personnel, ofisi ya mambo ya askari, mjini Beni, na nilikuwa mkali. Agizo lilitoka juu na mimi sikulipunguza hata kidogo: mtu huyo lazima akae mjini humu humu, awe na simu inayopatikana, na asiwe mwenye kuvaa uniforme kama sisi. Hilo la tatu lilikuwa na maana yake. Wawili wanaopanda gari moja hawawezi kupashana habari za msiba wao. Fiche ikikosa mstari huo dosie, yaani faili la mtu, haijakamilika, na dosie isiyokamilika haiingii kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Nilikuwa na kalamu nyekundu na niliitumia. Brigadia mmoja mzee, mtu wa Mbau, aliniletea fiche yake mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ameandika jina la mwenye nyumba wake, na nilimwona amefurahi kama aliyefaulu mtihani. Mimi nikamwambia mwandiko haueleweki, arudie.

Ukutani nyuma ya kiti changu kulikuwa na organigramme, ule mchoro wa masanduku na mistari unaoonyesha nani yuko chini ya nani. Kamanda juu kabisa, kisha msaidizi wake, kisha biro zetu nne, kisha vituo vya mitaa. Niliuchora mimi kwa rula. Niliupenda sana, na leo sioni haya kusema kwa nini: ulikuwa mahali pekee Beni ambapo mstari uliofika kwa mtu mwingine ulianzia kwangu.

Siku moja kamanda alipitia orodha ya cheo akanyanyua macho.

"Karani, na fiche yako mwenyewe?"

Nikaileta. Mstari wa mwisho ulikuwa na kistari kimoja cha wino tangu siku niliyohamishwa kutoka Butembo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Una mpaka Ijumaa ya juma lijalo," akaendelea kusoma.

Cheo nilikitaka, nisidanganye. Nilikingoja miaka. Lakini kilichonitoa jasho hakikuwa cheo. Niliogopa Ijumaa ifike, na ijulikane kwamba mimi niliyewarudisha wenzangu mlangoni, katika mji mzima, sina mtu.

Mama yangu alikuwa Kasugho. Huko, ili upate réseau ya simu, lazima upande mpaka juu ya shamba la mihogo, na miguu yake haikuwa tena ya kupanda. Ndugu zangu walikuwa Butembo, nje ya mji, na agizo nililijua kwa moyo. Nikaanza na mke wa mwenye nyumba, ambaye tulichota naye maji kwenye bomba moja.

"Mimi kuandikwa mu makaratasi ya polisi?" alisema. "Hapana, mama. Kesho bataniita niseme nini?"

Sikumlaumu. Siku zile watu wa Beni walikuwa na sababu zao za kutotaka majina yao yakae mahali. Nikamwendea mwanamke wa shirika letu la parokia, tuliyeimba naye sauti ya pili. Alisema atauliza kwanza kwa bwana yake. Jumapili nilikuta amehamia benchi lingine, na niliimba sauti ya pili peke yangu.

Alhamisi nilipita sokoni nikiwa nimekasirika na dunia. Kulikuwa na mama mmoja Mwislamu, mjane, aliyeuza vitenge karibu na njia ya kwenda Oicha. Mtoto wake wa pekee alikuwa dereva wa lori upande wa Kisangani, haonekani mara nyingi. Nilikuwa nimenunua kwake kitenge mara mbili au tatu, si zaidi. Aliona uso wangu akaniuliza nimekula nini. Nikamweleza, nikicheka cheka kama mtu anayesimulia mambo ya mwingine.

"Leta ile papier," alisema.

Nikaitoa fiche mkobani nikampa. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, akaandika jina lake na namba ya simu. Kisha hakunirudishia.

"Donc, bakiniita, mimi nitafanya nini?"

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mstari umejaa. Sikuwahi kufikiria yule mtu wa kujulishwa, akishajulishwa, anasimama aende wapi.

Akachana karatasi ya kalenda ya zamani, akaanza kuniuliza. Mama yako iko Kasugho upande gani? Nani anaweza mufikia kwa miguu? Batakuzika Beni ao kwenu? Unapenda kuvalishwa kitenge gani? Nilijibu nimesimama, wateja wakipita, na mahali fulani kati ya Kasugho na kitenge nilianza kulia. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mambo yale. Aliandika yote, akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya mkebe wake wa biskuti pamoja na sindano na uzi.

Tangu hapo kila Ijumaa, akitoka kusali, simu yangu iliita.

"Uko muzima?"

"Niko muzima, mama."

"Bien."

Anakata. Hakuwahi kupoteza unité za simu kwa maneno mengine. Mara nyingine nilikuwa nimepita sokoni kwake asubuhi ileile, ameniona kwa macho yake, na bado alipiga. Nilianza kuingojea simu hiyo kuanzia Jumatano.

Cheo kilikuja. Baada ya miaka miwili ukaja na uhamisho, nikarudishwa Butembo. Nilipomuaga alinikunjia kitenge cha kijani akasema, "Ku kwenu utapata bengine." Butembo nilijaza fiche mpya. Agizo lilikuwa lilelile, basi yeye hakufaa tena, alikuwa nje ya mji. Nikaandika binamu yangu, ambaye simu yake hupokelewa akitaka. Lakini kila Ijumaa mama wa vitenge aliendelea kupiga, na nilizoea, kama mtu anavyozoea kengele ya kanisa.

Ijumaa moja hakupiga. Nikasema ni réseau. Ya pili nikapiga mimi, simu imezimwa. Tulikuwa katikati ya kuhesabu askari upya, orodha zinatakiwa juu, nikaahirisha. Ya tatu ikapita vilevile. Ya nne, saa nane mchana, namba yake ikatokea kwenye simu yangu. Sikumngoja aulize.

"Niko muzima, mama," nilisema. "Wewe ndiye umepotea."

Ikajibu sauti ya mwanaume.

"Mimi ni mutoto yake. Tulimuzika. Inapita sasa juma tatu."

Nilikaa chini. Alisema ugonjwa ulimchukua siku mbili tu. Hakujua amwambie nani, mama hakuacha orodha yoyote ya watu wake. Kufungua mkebe ndipo akaona karatasi yenye jina langu, na Kasugho, na mahali pa kuzikwa, na kitenge, akalitafuta jina hilo katika simu ya mama.

"Nilizani ni wewe ulikufa," alisema, "na mama alisahau kutuma habari."

Nilikuwa nimeliuliza swali lile kwa vikosi viwili vizima. Niliwarudisha watu kwa kalamu nyekundu ili walijibu. Yeye alikaa mbele yangu miaka ile yote, mjane mwenye mtoto mmoja wa mbali, na sikumwuliza hata siku moja: na wewe, mama, nani ajulishwe? Angeniandika mimi. Najua angeniandika.

"Sasa hii papier," kijana aliuliza, "niifanye namna gani?"

Nilimwambia aichome. Kabla hajakata nikamwambia hapana, airudishe mule mu mukebe.