Kibodi Niliyomtengenezea Mchungaji Kikoti

Hili jambo nimelificha muda mrefu, na waliokuwepo ukumbini siku ile nikikutana nao njiani huwa nageuza uso kama mtu anayesoma bei dirishani, lakini nimechoka kulibeba peke yangu, kwa hiyo kaeni niwasimulie jinsi nilivyokaribia kuvunja ndoa ya miaka hamsini kwa kipande cha alumini.

Mimi naitwa Tumaini, nachapa kazi za watu kwenye duka la steshenari pale Mwanjelwa, Mbeya. Mtu anayechapa kuanzia asubuhi mpaka jioni anaishia kuwa na maneno na kibodi kama vile dereva alivyo na maneno na gari, na mimi nilishachoka na zile za plastiki zinazokimbia mezani ukizigusa, nikajinunulia kibodi ndogo, ile isiyo na namba pembeni, unayoweza kuifungua na kubadilisha kila kitu chake. Halafu nikagundua kwamba duniani kuna watu wanazivua kibodi hizo kasha la kiwandani na kuzivalisha kasha la mbao au la chuma, la kifahari, kama mtu anavyobadilisha viti vya sebuleni. Nikasema hata mimi naweza. (Hapo ndipo ningepaswa kunywa maji nikalale.)

La kwanza nililitengeneza kwa mbao za mninga, nikaliweka kaunta, na siku moja akaja dada mmoja anaitwa Neema kuchapisha kadi za jubilei ya wazazi wake. Baba yake, Mchungaji mstaafu Kikoti wa Mlandege, Iringa, alikuwa anaandika historia ya maisha yake, lakini mikono ilishaanza kutetemeka na kila kibodi aliyopewa ilikuwa inamkimbia. Neema akaligusa kasha langu, akalisukuma kidogo, akaniuliza, "Unaweza kutengeneza lingine zito zaidi? Liwe zuri, ni zawadi ya jubilei. Atalizindua mbele ya watu."

Nikamjibu naweza, bila hata kufikiri, maana niliposikia "mbele ya watu" mimi nilishajiona naagizwa makasha na ukumbi mzima.

Nilichora wiki mbili. Nilikata maboksi, nikapima, nikakosea, nikapima tena, mpaka nikapata umbo ninalolipenda: kitako cha alumini kilichoinuka kwa nyuma ili viganja vipumzike, ubavuni vipande viwili vya mninga vilivyopakwa nta, na chini ngozi laini isikwaruze meza. Kitako nilikipeleka Mbalizi kwa fundi Ambokile, mzee anayeyeyusha skrepa na kumimina sufuria. Aliuangalia mchoro wangu kwa heshima kubwa, akaugeuza huku na huku, akaniuliza, "Dada, hii ni ya kuokea nini?"

Nikamweleza. Akasema sawa, ila usoni nilimwona bado anafikiria mkate.

Kitako cha kwanza kilitoka bila tundu la waya. Cha pili kilitoka vizuri kabisa, kizito kama pasi ya mkaa, na baada ya kukipiga msasa siku nne kiling'aa mpaka unajiona. Kwa ndani kilikuwa na vijinguzo sita vya kushikilia skrubu, na tulipokuwa tunafunga kibodi ndani yake kwa mara ya mwisho, karakanani kwake, asubuhi ya siku moja kabla ya jubilei, fundi akagusa kijinguzo kimoja upande wa kushoto.

"Hiki kimezidi kidogo," akasema. "Nikipitishe tupa?"

Nikafikiria ule unga wa alumini utakavyomwagika kwenye mng'ao wangu, nikafikiria basi la Iringa, nikamwambia, "Kiache tu, tutakaza skrubu."

Tukakaza. Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu, nikaandika "Tumaini wa Mbeya", ikaandika Tumaini wa Mbeya, nikaridhika. (Jina langu halina S. Mbeya haina S. Haya mambo nilikuja kuyahesabu baadaye.) Nikapanda basi nimeipakata kama mtoto, na pale Igawa, wenzangu waliposhuka kunyoosha miguu, mimi nilibaki kwenye kiti nikiifuta alama za vidole.

Ukumbi wa usharika ulijaa. Kwaya mbili, wajukuu, wachungaji, majirani wa Mlandege nzima, kila anayenisalimia ananiambia "Kamwene" na mimi naitikia kwa sauti ya mtu mwenye kiwanda. Meza ya wazee iliwekwa mbele, kompyuta yangu juu yake, na ukutani nyuma yao projekta ikaonyesha ukurasa mweupe mkubwa ili watu wote waone Mchungaji atakachoandika. MC, kijana mwenye suti ya bluu na sauti ya kutosha bila kipaza sauti, akanitambulisha kuwa ni mbunifu kutoka Mbeya. Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikapunga mkono. Yaani nikikumbuka ule mkono.

Mchungaji Kikoti akaisukuma kibodi, haikusogea. Akaisukuma tena, akacheka, akamwambia mkewe, "Hii imekaa." Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia kazini kwangu. Halafu akaanza kuandika kwa kidole kimoja, macho kwenye vitufe, ukuta uko nyuma yake hauoni, na MC akawa anasubiri mstari uishe ausome.

Ukutani ikatokea: Bwana Yeu aifiwe.

MC akasoma bila kusita, "Bwana Yesu asifiwe," ukumbi ukaitikia amina, na nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake kwa huruma, "Uzee huo, hata Yesu anamkosea herufi."

Jamani, mimi nilijua. Nilijua pale pale. Kile kijinguzo kilikuwa kimekisukuma kitufe cha S kutoka chini, hakishiki. Kusimama na kusema kulihitaji sekunde tano. Lakini nilishapunga mkono, nilishapigiwa makofi, na mle ndani watu walishaamua kwamba kosa ni la mzee, nami nikajiambia hataandika mengi, atashukuru kidogo, watakata keki. Nikakaa kimya. Nikamwachia mzee wa watu kosa langu mbele ya wajukuu zake.

Akaendelea, taratibu, herufi moja moja, mkono unatetemeka, watu wameinua simu wanarekodi. Alikuwa anamwandikia mkewe. Alichokusudia, mzee wa watu, ni kwamba angezaliwa tena asingeoa mwingine. Ukutani, kwa herufi kubwa za kusomeka mpaka mlangoni, ikatokea:

Ningezaliwa tena niingeoa mwingine.

MC, ambaye alishazoea kusahihisha njiani, akasahihisha hapa pia. Akasoma kwa sauti ya furaha, "Ningezaliwa tena ningeoa mwingine," akafika mwisho ndipo akasikia alichosema, akashusha kipaza sauti taratibu.

Nimewahi kuwa kwenye misiba yenye kelele zaidi ya ukumbi ule. Mama Mchungaji alikuwa amekaa kando ya mumewe na kitenge chake kipya cha jubilei, akageuza shingo akautazama ukuta, akavaa miwani, akautazama tena. Na Mchungaji, ambaye masikio nayo yamepungua, aliinua kichwa, akaona watu wametulia hivyo, akadhani wameguswa. Akatabasamu. Akarudi kwenye kibodi kuongeza mstari.

Nikamshika Neema mkono nikamwambia, "Mzuie." Akanijibu kwa meno yaliyobana, "Nimzuieje baba yangu, anatoa ushuhuda?"

Moyoni ina mwingine, ukutani ikaandikwa.

MC safari hii hakusoma, lakini haikusaidia, maana meza ya wajukuu ilisoma kwa pamoja kama wako darasani. Mama Mchungaji akamwinamia mumewe na kupaza sauti ili amsikie, na ukumbi mzima ukasikia.

"Baba Neema, umeandika nini?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mwingine."

"Mwingine nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Sijui miguu yangu ilinifikishaje mbele. Nilimnyang'anya MC kipaza sauti, nikasema, "Naomba radhi. Mchungaji hajakosea. Nimekosea mimi. Hiyo kibodi haiandiki S."

Watu wakarudisha macho ukutani, unaona midomo inacheza, kila mtu anatafuta pa kupachika S yake. Mtu wa kwaya akaipachika wa kwanza. "Nisi... nisingeoa," akasema, halafu "sina mwingine," na kicheko kikaanzia kule nyuma kikaja mbele kama maji, wachungaji wakafuta macho, MC akakaa chini kabisa. Nikadhani nimepona.

Mama Mchungaji hakucheka. Alinitazama mimi, akaitazama kibodi, akauliza bila hasira yoyote, "Mwanangu, herufi zote hizo, ikaona iharibike hiyo?"

Nikaanza kueleza habari za fundi, kijinguzo na tupa, huku nimeishika bisibisi niliyoitoa mkobani (ndiyo, nilikuja na bisibisi kwenye jubilei, sijui nilitaka kuifungua pale pale), akaniinulia kiganja ninyamaze. Akafungua mkoba wake, akatoa kalamu, akageuza karatasi ya ratiba, akaviweka mbele ya mumewe. "Andika kwa mkono," akamwambia. "Nione mwenyewe."

Mzee, ambaye sasa Neema alishamweleza sikioni, aliandika. Ilimchukua muda, mkono ule ukipanda na kushuka. Mama akaichukua karatasi, akaisoma akiisogeza midomo, akaikunja mara nne, akaitia mkobani na kubana zipu. MC akajisogeza na kuuliza kama angependa isomwe kwa wageni. Akamjibu, "Wewe umeshasoma vya kutosha leo." Kisha akakisogeza kiti chake mpaka kikagusana na cha mumewe, akasema chakula kigawiwe.

Mimi sikula. Wale waliokuwa wameniomba namba ya simu asubuhi walipita mbele yangu wakiwa na sahani, mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, ile yako ya dukani ina herufi ngapi?"

Kesho yake niliirudisha Mbalizi. Fundi Ambokile alifungua, akakipitisha tupa kile kijinguzo, akapuliza unga, akafunga. Alipomaliza, chai aliyonikaribisha ilikuwa bado ya moto. Hakusema neno lolote la kunikumbusha. Afadhali angesema.

Baada ya wiki mbili nikaipeleka mwenyewe nyumbani kwao. Nilianza kwa kumpigia magoti Mchungaji, nikamwambia kwamba niliona kosa tangu mstari wa kwanza na nikanyamaza, hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi, siyo kicheko. Akaniambia alishanisamehe, na kwamba miaka yote ya kuhubiri hajawahi kuwa na watu wasikivu kama siku ile. Akanyoosha mkono apokee kibodi yake. Mama Mchungaji akauzuia mkono, akavuta kiti akakaa yeye, akasubiri niichomeke kwenye kompyuta yao, akakitafuta kitufe cha S, akakibonyeza kwa kidole kimoja na kukishikilia mpaka mistari mitatu ikajaa. Akaihesabu mistari. Akafuta. Akainuka.

"Sasa aandike," akasema.

Makasha bado natengeneza, na kila moja nalijaribu kwa kuandika herufi zote mbele ya mwenyewe, lakini hilo ni jambo la ufundi, mtu yeyote angejifunza. Nililoapa ni jingine: nikiona nimekosea nitasema wakati bado ni kosa dogo, hata kama nimeshasimama na kupunga mkono. Na kupunga mkono kwenyewe nimeacha.