Karata za Shangazi Domitila

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo naikumbuka kwa tumbo kabla sijaikumbuka kwa kichwa. Ilikuwa wakati wa vita, hapa hapa Bujumbura, upande wa Kanyosha. Nilikuwa bado mke mpya. Mume wangu Deo alikuwa ametoka asubuhi kwenda mtaa wa Asiatique, alikokuwa anauza vitambaa kwenye duka la watu, nami nilibaki nyumbani na shangazi yangu Domitila, dada wa baba, aliyenilea tangu utoto.

Tulikuwa tunachambua maharage mchana ule milio ilipoanza milimani. Milio ya mbali tulikuwa tumeizoea, Mungu atusamehe, kama watu wanavyozoea mbwa wa jirani. Lakini ile ilikuwa inashuka. Ilishuka mpaka mabati ya nyumba yetu yakaanza kutetemeka. Shangazi akafunga mlango, akanivuta kwenye korido, ambako kulikuwa na kuta mbili kati yetu na nje.

“Mi naenda kumutafuta Deo,” nikamwambia.

“Utamutafuta wapi?”

“Ata sijui. Njiani.”

“Keti chini, Konsolata.”

Nikaketi. Shangazi akafungua fundo la kitenge chake, akatoa pakiti ya karata zilizochakaa. Nikamwangalia kama mtu aliyerukwa na akili. Watu wanakufa, yeye anachanganya karata!

Mchezo ule alifundishwa na bibi mmoja Mgiriki ambaye Shangazi alikuwa akimshonea nguo zamani, naye aliuita pasiensi, yaani subira. Unachezwa na mtu mmoja. Ngoja nikueleze, mwanangu, maana huenda siku moja ukakufaa. Unazipanga karata zote hamsini na mbili katika safu nane, zote zikiangalia juu; hakuna iliyofichwa. Safu nne za kwanza zinapata karata saba saba, nne zilizobaki sita sita. Pembeni unaacha nafasi nne tupu, ambazo kila moja inapokea karata moja tu. Kazi yako ni kuzitafuta asi nne, yaani karata za moja, uziweke kando, na juu ya kila asi ujenge ukoo wake, kopa kwa kopa, shupaza kwa shupaza, kuanzia mbili mpaka mfalme. Katika zile safu unahamisha karata moja moja ya mwisho, ukiiweka juu ya ile inayoizidi kwa moja na isiyofanana nayo rangi: tano nyekundu juu ya sita nyeusi, malkia mweusi juu ya mfalme mwekundu. Karata inayokuzibia njia unaweza kuipumzisha kwenye nafasi tupu. Na safu ikiisha kabisa, mahali pake napo panapokea karata yoyote.

Unaona? Ni rahisi kusema. Mi nilianza kwa pupa. Kila karata iliyonisumbua niliitupa pembeni, na kabla sijajua, nafasi zote nne zilikuwa zimejaa na asi mbili bado zimelala chini kabisa ya safu zao. Hakuna kilichosogea tena. Nje kitu kikapasuka, vumbi likatuangukia kutoka juu.

Shangazi hakuinua hata kichwa. “Nani amekufunga?”

“Karata ni mbaya.”

“Apana. Karata zote ulikuwa unaziona. We ulianza na mukono, macho yakakuja nyuma.” Akazikusanya, akazipanga upya. “Sasa usiguse. Kwanza nionyeshe asi ziko wapi. Halafu uniambie nini iko inazikalia.”

Nikazitafuta. Moja ilikuwa chini ya mfalme. Nyingine chini ya rundo la nyekundu tupu. Nikamwonyesha. Ndipo milio ikakatika ghafla, na wahenga hawakukosea, kimya kingi kina mshindo mkuu. Niliogopa kimya kile kuliko risasi.

Mtu akagonga dirisha. Alikuwa Godansi, jirani yetu, mtoto mgongoni. “Mama Domi! Mutoke! Watu wote wanakimbilia barabara kubwa!”

Nikasimama. Moyo wangu ulikuwa umeshafika barabarani, kwa Deo.

“Kule barabara kuko nini?” Shangazi akauliza.

Godansi akampandisha mtoto mgongoni. “Sijui. Watu wanakimbia tu.”

“Na ikifungwa, utarudia wapi na mutoto mu mugongo? Ingia, mama. Huku nyuma kuko mihogo mpaka mtoni. Tukifukuzwa, tutapita pale. Lakini tufukuzwe kwanza.”

Godansi alisitasita. Namwona mpaka leo, mkono mmoja ukimshika mtoto matako, macho yakiangalia njia. Kisha akazunguka nyuma, tukamfungulia, akaingia.

Hatukukaa sana tukasikia viatu uani. Viatu vingi. Kama walikuwa wa upande huu au ule, mwanangu, usiniulize. Hatukujua, na siku zile kujua hakukuwa kinga. Mtoto akaanza kulia. Godansi akampa ziwa, akakataa. Akampa la pili. Shangazi akawafunika wote wawili kwa kitenge chake, akabaki na gauni, akaanza kutembeza midomo katika sala isiyo na sauti. Mtu akasukuma mlango. Komeo likalia. Nilikuwa nimeishika karata moja mkononi mpaka ikakunjika, wala sikujua.

Mtoto akapokea ziwa. Nje mtu akacheka, sufuria ikaanguka, kuku wetu wakapiga kelele wakibebwa. Kisha viatu vikaondoka.

Baadaye ndipo milio ikaanza tena, safari hii upande wa barabara kubwa. Ilidumu. Godansi aliziba masikio ya mtoto, siyo yake mwenyewe. Kesho yake tulipita pale, tukakuta ndala zimetapakaa, za wakubwa na za wadogo, na watu wachache wakizigeuza geuza kutafuta wanazozijua. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Deo alirudi siku hiyo, midomo imekauka, mzima. Alikuwa amejifungia dukani na wenzake. Ningetoka kumtafuta nisingemkuta.

Sikudanganyi, mwanangu: wako waliobaki ndani wakafia ndani, na wako waliokimbia wakapona. Shangazi mwenyewe alisema karibu kila mpangilio wa karata una njia, lakini si kila mmoja. Ninachokuusia ni hiki. Hofu ikikuingia, usiuache mkono wako ukuongoze. Angalia kwanza kila kilicho wazi mbele yako, ujue unachokitafuta na kinachokikalia. Usijaze nafasi zako zote kwa sababu ya jambo la leo. Akiba haiozi, hata akiba ya mahali pa kupitia. Na usikimbie kwa kuwa wengine wanakimbia. Uliza kwanza wanaelekea wapi. Kama unaweza kumwingiza mwingine ndani, mwingize, hata kama mtoto wake analia.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akupe usingizi usioshtuka, na akupe wajukuu ambao, ngurumo ikipiga milimani, watatoka nje wakishangilia mvua.