Manivele ya 404

Nyuma ya mlango wangu kuna chuma kizito kilichopindwa mara mbili, kinachonuka mafuta ya injini mpaka leo. Ni manivele, mkono wa kuwashia gari la baba yangu, Pejo 404. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita hapa mjini Likasi karibu kila wiki na kukiulizia. Nawajibu kwamba hakiuzwi. Nanyi acheni niwaeleze sababu, kwa utaratibu.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa mtaa wa Shituru, ambako moshi wa kiwanda cha shaba ulikula rangi ya mabati na ya magari bila kubagua. Baba aliipaka 404 upya kwa brashi ya kupakia kuta, rangi ya kijani, na ukiinama uliona nywele za brashi zimegandia humo. Umri wa 404 ulikuwa mara mbili ya wangu. Ndiyo iliyompeleka tantine Odile, dada mdogo wa baba aliyelelewa kwetu, kwenye shule ya bweni kule Mulungwishi, muhula baada ya muhula, sanduku lake likiwa juu.

Siku moja kabla ya ndoa ya Odile, kaka wa bwana arusi alikuja na Mercedes yake nyeupe, mpya kabisa machoni petu, kupanga msafara. Alipitisha kidole juu ya bodi ya 404, kisha akakitazama kile kidole, akamgeukia baba.

"Vieux, hii motokari ibakie ku nyumba. Itatuharibishia photo."

Jioni baba alitoa betri ya 404 akaiunganisha na taa, ili wanawake waone pa kupikia uani, maana umeme ulikuwa umekatika. Mimi nilichukua daftari nikachora safu mbili. Mercedes: redio ya kaseti, vioo vinavyopanda vyenyewe, viti visivyochoma mapaja. 404: manivele. Sikupata cha kuongeza.

Asubuhi Mercedes ilifika na maua, mlango wake ukafunguliwa. Odile alitoka na gauni jeupe, akaupita ule mlango, akasimama kando ya 404.

"Hii njo ilinipelekaka ku masomo. Njo itanipeleka ku kanisa."

Boneti ilikuwa wazi, nyaya zikining'inia. Kaka wa bwana arusi akamcheka shemeji yake. "Belle-sœur, ile haina na betri. Utaisukuma na gauni?"

"Ikikataa, nitaenda na miguu. Na weye utanifwata na Mercedes yako, polepole."

Baba alirudisha betri. Taa ilikuwa imeinyonya. Haikuwa na nguvu ya kuzungusha injini, ila ya kutoa cheche ilikuwa nayo. Alivua koti, akaingiza manivele. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kikohozi. Wakwe wakaanza kuhesabu kwa sauti: ya tatu, ya nne. Jasho lilimshuka baba hadi kwenye tai. Ndipo mama akavua viatu.

"Papa Ester," alimwambia baba, akimwita kwa jina langu, "weye ingia ku volan. Hii miye njo nayijua."

Kweli, asubuhi za baridi yeye ndiye aliyeizungusha, baba akiwa kwenye usukani. Mama aliweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu chuma kikirudi nyuma huvunja gumba lililokizunguka, akavuta juu kwa pigo moja. 404 ikanguruma. Wanawake wakapiga vigelegele. Tulitangulia hadi kanisani, na Mercedes nyuma, ikila moshi wetu.

Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba siku ile tulithibitisha gari la zamani ndilo bora. Baadaye nilijifunza ufundi peke yangu, kwa vitabu, na lazima niseme kweli. Leo zote mbili ni za kale, lakini kwa breki, kwa injini, kwa utulivu barabarani, Mercedes inashinda kila mstari. Daftari langu halikukosea. Kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba Odile hakusema hata mara moja kuwa 404 ni bora. Alikuwa anahamia kwa watu wale jioni hiyohiyo, na alitaka wajue mapema ametoka kwa nani.

Mercedes ilikuwa gari bora. Ilitufuata.